Pacifica: Redio inayolishwa na wasikilizaji wake

Tarehe 15 Aprili mwaka 1949 kituo kidogo cha KPFA kilianza kurusha matangazo mjini Berkeley, katika jimbo la California nchini Marekani, bila tangazo hata moja la biashara. Tangu hapo redio za Pacifica zimepigwa mabomu, zimeburutwa mahakamani, na zimewahi kufungiwa milango na viongozi wao wenyewe. Makala haya yanasimulia historia hiyo, na swali ambalo halijapata jibu la kudumu: ni nani hasa mwenye redio?

Katika Marekani ya miaka ya 1940, kuanzisha kituo cha redio kulimaanisha kwanza kutafuta watu wa kununua nafasi za matangazo. Sabuni, sigara na magari ndivyo vilivyolipia muziki, michezo ya kuigiza na hata taarifa ya habari. Mtangazaji aliyesoma habari asubuhi alijua vyema ni kampuni gani inayolipa mshahara wake.

Lewis Hill hakuridhika na mpango huo. Hill alizaliwa mwaka 1919 huko Kansas City, jimbo la Missouri. Alikuwa mshairi na mtu aliyepinga vita vya aina yoyote. Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, alikataa kushika silaha kwa sababu ya dhamiri yake, akapelekwa katika kambi ya kazi pamoja na wenzake waliokataa kama yeye. Baadaye alipata kazi ya kusoma habari katika kituo kimoja mjini Washington. Inasimuliwa miongoni mwa watu wa Pacifica kwamba aliiacha kazi hiyo kwa kuwa hakuwa tayari kusoma kitu ambacho yeye mwenyewe hakukiamini.

Mwaka 1946, akiwa California, Hill na wenzake waliunda Wakfu wa Pacifica. Wengi wa wenzake hao, kama yeye, walikuwa wapinga vita. Lengo lao halikuwa redio ya chama wala ya dini. Walitaka mahali ambapo watu wasiokubaliana wangeweza kuketi meza moja na kuzungumza mpaka waelewane, au angalau mpaka kila mmoja ajue mwenzake anafikiri nini. Waliamini kwamba vita huanza pale mazungumzo yanapokwisha.

Haba na haba

Fedha za kuendesha kituo zingetoka wapi? Jibu la Hill lilikuwa jepesi kulieleza na gumu kulitekeleza. Alipiga hesabu kwamba ikiwa asilimia mbili tu ya watu wanaoweza kukinasa kituo watakubali kuchanga dola 10 kila mwaka, basi kituo kitaishi. Waliobaki wote wangesikiliza bure.

Waswahili husema haba na haba hujaza kibaba. Lakini hoja ya Hill ilikwenda mbali zaidi ya kukusanya sarafu. Alieleza kwamba msikilizaji anayechangia kitu ambacho angeweza kukipata bure si mnunuzi wa bidhaa. Anachanga kwa sababu anataka jambo hilo liwepo duniani. Na mtangazaji anayelipwa na watu wa namna hiyo anaweza kusema analoliamini, kisha akajibu mbele yao. Wazo hilo la redio inayolipiwa na wasikilizaji halikuwahi kujaribiwa nchini humo kabla ya hapo.

Mwanzo ulikuwa mgumu. KPFA ilirusha matangazo yake katika masafa ya FM, na wakati huo watu wachache tu ndio waliokuwa na redio za kunasa masafa hayo. Mwezi Agosti mwaka 1950, miezi kumi na sita tu baada ya kuanza, fedha ziliisha na mitambo ikazimwa. Wengi wangedhani kwamba huo ndio mwisho. Lakini wasikilizaji waliitisha mkutano, wakaanza kuchangishana, na mwezi Mei mwaka 1951 kituo kilirudi hewani. Mwaka huohuo kilipata pia msaada wa dola 150,000 kutoka mfuko wa elimu ya watu wazima uliokuwa chini ya Wakfu wa Ford.

Vipindi vya KPFA havikufanana na vya kituo kingine chochote. Mwanafalsafa Alan Watts alizungumza juu ya dini za Asia. Pauline Kael, ambaye baadaye alikuja kuwa mhakiki mashuhuri wa filamu, alisikika hapo. Katika miaka ambayo neno moja la kuonekana mkomunisti lilitosha kumnyima mtu kazi, KPFA iliwakaribisha wakomunisti, na iliwakaribisha wahafidhina vilevile. Mwaka 1954, baada ya kipindi ambamo wageni walijadili athari za bangi, mwanasheria mkuu wa California aliichukua kanda ya mazungumzo hayo.

Hill mwenyewe hakuishi kuyaona matunda yote. Akiwa amedhoofishwa na maradhi ya uti wa mgongo na kuchoshwa na migogoro ya ndani ya kituo, alijiua mwezi Agosti mwaka 1957, akiwa na umri wa miaka 38.

Serikali yafungua majalada

Pacifica ilipanuka baada ya kifo chake. KPFK ilianza mjini Los Angeles mwaka 1959. Mwaka 1960 tajiri mmoja wa New York, Louis Schweitzer, aliutolea wakfu kituo chake cha WBAI bure. Houston katika jimbo la Texas ilipata KPFT mwaka 1970, na mji mkuu Washington ukapata WPFW mwaka 1977. Vituo vikawa vitano.

Kadiri sauti ilivyofika mbali ndivyo maadui walivyoongezeka. Mwaka 1962 WBAI ilirusha mahojiano na Jack Levine, aliyekuwa afisa wa shirika la upelelezi la FBI, ambaye alieleza hadharani jinsi shirika hilo lilivyoendeshwa chini ya mkurugenzi wake, J. Edgar Hoover. Katika miaka hiyo ni wachache waliothubutu kumgusa Hoover. Mwaka uliofuata kamati ndogo ya Baraza la Seneti iliwaita viongozi wa Pacifica na kuwahoji kama wakomunisti walikuwa wameingia katika redio yao. Wakati huohuo Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano, FCC, ilikuwa imezishikilia leseni zao bila kuzihuisha.

Mwezi Januari mwaka 1964 tume ilizihuisha leseni hizo. Ilikubali kwamba redio haiwezi kuadhibiwa kwa sababu tu vipindi vyake vinawaudhi baadhi ya wasikilizaji. Uamuzi huo ulivinufaisha hata vituo ambavyo havikuwahi kuwa na uhusiano wowote na Pacifica.

Mwaka 1965 Chris Koch wa WBAI alisafiri hadi Vietnam ya Kaskazini, akiwa miongoni mwa waandishi wa kwanza wa Kimarekani kuripoti kutoka upande huo wa vita. Safari hiyo ilizua mzozo ndani ya kituo chenyewe juu ya jinsi taarifa zake zitakavyotangazwa, na Koch akajiuzulu. Uhuru wa kusema uliopiganiwa mbele ya Seneti ulikuwa bado unabishaniwa katika vyumba vya habari vya Pacifica.

Shairi lililoumiza

Jaribio kubwa zaidi la uhuru huo lilikuja mwezi Desemba mwaka 1968. Jiji la New York lilikuwa limetoka katika mgomo mrefu wa walimu. Chama cha walimu, ambacho wanachama wake wengi walikuwa Wayahudi, kilikuwa kimegongana na wazazi weusi wa mtaa wa Ocean Hill-Brownsville waliotaka kuziongoza shule za watoto wao.

Katika hali hiyo ya uhasama, mwandishi mweusi Julius Lester alimwalika katika kipindi chake cha WBAI mwalimu mmoja aitwaye Leslie Campbell. Campbell alisoma shairi lililoandikwa na mwanafunzi wa miaka 15, lililojaa maneno ya chuki dhidi ya Wayahudi. Lester alikuwa ameliona shairi hilo kabla, na alitaka wasikilizaji wajue hasira iliyokuwa imefichwa ndani ya vijana wa mtaa ule. Wengi hawakuusikia ufafanuzi, walisikia matusi. Chama cha walimu kilipeleka malalamiko kwa tume ya FCC, na waandamanaji wakajipanga mbele ya kituo. WBAI haikumfukuza Lester, na tume haikukiadhibu kituo.

Je, walikosea? Hata leo wapo wanaosema kwamba redio iliyoanzishwa na wapenda amani ilikuwa imefungulia mlango chuki. Wengine hujibu kwamba chuki isiyosikika haiwezi kujibiwa. Lester mwenyewe, mwana wa mchungaji wa Kimethodisti, aliingia katika dini ya Kiyahudi mwaka 1982.

Campbell naye anawahusu wasemaji wa Kiswahili kwa njia ya pekee. Alijitwalia jina jipya: Jitu Weusi. Sikio la Mswahili litagundua mara moja kwamba jina hilo halikufuata ngeli, ila kusudio lake ni wazi kabisa. Huko Brooklyn yeye na wenzake walianzisha kituo cha utamaduni kilichoitwa The East, na ndani yake shule ya watoto weusi iliyopewa jina la Uhuru Sasa. Lugha iliyotumika Tanganyika na Kenya kudai kujitawala ilikuwa imefika katika mitaa ya New York, kwa watu ambao wengi wao hawakuwahi kuiona pwani ya Afrika Mashariki.

Mabomu mjini Houston

Katika miji ya kusini mwa Marekani upinzani haukuishia kwenye barua za malalamiko. KPFT ilianza kurusha matangazo mjini Houston mwezi Machi mwaka 1970. Usiku wa tarehe 12 Mei, miezi miwili na ushei baadaye, bomu liliilipua mitambo ya kurushia matangazo. Mafundi wakatengeneza, kituo kikarudi. Tarehe 6 Oktoba bomu la pili, lenye nguvu zaidi, likaiharibu tena, wakati kituo kikirusha wimbo wa Arlo Guthrie. Kituo kilikaa kimya hadi Januari mwaka 1971, na kiliporudi hewani Guthrie mwenyewe alikuwapo studioni.

Mwanachama mmoja wa Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi, alitiwa hatiani mwaka 1971 kwa mashambulizi hayo. Ilibainika kwamba alikusudia pia kuvishambulia vituo vya Pacifica vya California.

Mbele ya majaji tisa

Tarehe 30 Oktoba mwaka 1973, mchana, WBAI ilipiga kanda ya mchekeshaji George Carlin akiyataja na kuyachambua maneno ambayo hayaruhusiwi kutamkwa hewani. Baba mmoja aliyekuwa garini na mwanawe aliyasikia, akalalamika. Tume ya FCC ikakionya kituo, Pacifica ikaenda mahakamani, na shauri likapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani.

Mwaka 1978 majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba serikali ina haki ya kuzuia lugha chafu katika saa ambazo watoto wanaweza kuwa wanasikiliza. Pacifica ilishindwa, na hukumu hiyo inayobeba jina lake imefundishwa tangu hapo katika vyuo vya sheria na uandishi wa habari.

Lakini matukio ya mahakamani yasifunike kazi ya kila siku. Mwezi Desemba mwaka 1970 wasomaji wengi wa WBAI walipokezana kwa siku kadhaa mfululizo mpaka wakaimaliza riwaya nzima ya Tolstoy, Vita na Amani. Mwaka 1974 Will Lewis, meneja wa KPFK, alifungwa jela kwa kukataa kuikabidhi serikali kanda aliyotumiwa na kundi la wanamgambo. Na mwaka 1987 Larry Bensky aliwaletea wasikilizaji moja kwa moja vikao vya Bunge juu ya silaha zilizouzwa Iran kwa siri na fedha zilizopelekwa kwa waasi wa Nicaragua.

Sauti kutoka gerezani

Mwezi Februari mwaka 1996 Pacifica ilianzisha kipindi cha kila siku kiitwacho Democracy Now!, kikiongozwa na Amy Goodman. Miaka minne na ushei kabla, mwezi Novemba mwaka 1991, Goodman alinusurika mjini Dili, Timor ya Mashariki, wanajeshi wa Indonesia walipowafyatulia risasi waombolezaji kwenye makaburi ya Santa Cruz. Mwaka 1998 yeye na Jeremy Scahill walitayarisha makala juu ya uhusiano wa kampuni ya mafuta ya Chevron na jeshi la Nigeria katika Delta ya Niger. Kazi hiyo ilishinda tuzo ya George Polk.

Mwaka 1997 kipindi hicho kilirusha maoni ya mfungwa aliyekuwa akisubiri kutekelezewa adhabu ya kifo katika jimbo la Pennsylvania. Mfungwa huyo, Mumia Abu-Jamal, alikuwa mwandishi wa redio mjini Philadelphia kabla ya kuhukumiwa mwaka 1982 kwa kumuua askari polisi Daniel Faulkner, kosa analolikana. Redio ya taifa ya umma, NPR, ilikuwa imepanga kurusha maoni yake mwaka 1994, ikaghairi kufuatia shinikizo. Pacifica haikughairi. Mtandao wa redio wa Chuo Kikuu cha Temple ulijibu kwa kuacha vipindi vyote vya Pacifica. Polisi na jamaa za marehemu walikereka kuona mtu aliyehukumiwa kwa mauaji akipewa kipaza sauti. Waliomtetea walisema kwamba hukumu ya kifo haimfanyi mtu kuwa bubu. Mwaka 2011 waendesha mashtaka waliacha kudai adhabu ya kifo, na Abu-Jamal akabaki na kifungo cha maisha.

Hapa pia Afrika Mashariki ina mkono wake. Jina alilopewa na wazazi wake ni Wesley Cook. Jina la Mumia alilipata akiwa mwanafunzi wa sekondari, katika darasa la Kiswahili, kutoka kwa mwalimu wake Mkenya. Wasikilizaji wa magharibi mwa Kenya watamkumbuka mara moja Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, ambaye jina lake limebaki katika mji wa Mumias.

Kikulacho ki nguoni mwako

Pigo lililokaribia kuiua Pacifica halikutoka kwa Klan wala serikalini. Mwishoni mwa miaka ya 1990 bodi ya taifa ilikuwa imejitwalia madaraka makubwa, ikijiteulia wajumbe wake yenyewe. Tarehe 31 Machi mwaka 1999 ilikataa kuuendeleza mkataba wa meneja wa KPFA, Nicole Sawaya, aliyependwa na wafanyakazi. Watangazaji waliamriwa wasilizungumzie jambo hilo hewani. Waliokaidi, akiwemo Bensky, walifukuzwa.

Kisha ukavuja ujumbe wa barua pepe ambao mjumbe mmoja wa bodi aliupeleka kwa makosa kwa watu wasiohusika. Ndani yake lilijadiliwa wazo la kuuza kituo. Jioni ya tarehe 13 Julai, baada ya mtangazaji Dennis Bernstein kulizungumzia suala hilo katika kipindi chake, walinzi walikuja kumtoa. Bernstein akakimbilia chumba cha habari, na wasikilizaji walisikia moja kwa moja majibizano yake na walinzi, kabla ya matangazo kukatwa na kanda za zamani kuwekwa mahali pake. Usiku huo watu kadhaa walikamatwa, na wafanyakazi wakafungiwa nje.

Tarehe 31 Julai watu wapatao 10,000 waliandamana katika mitaa ya Berkeley kudai warudishiwe redio yao. Siku chache baadaye milango ilifunguliwa. Hata hivyo mzozo ulihamia New York, ambako mwezi Desemba mwaka 2000 kufuli za WBAI zilibadilishwa usiku na meneja wake akaondolewa. Kesi zikafunguliwa, na mwezi Desemba mwaka 2001 pande zote zikafikia makubaliano. Kwa katiba mpya ya mwaka 2003, yeyote anayechanga dola 25 au kujitolea kufanya kazi kwa saa tatu ana haki ya kuwapigia kura wajumbe wa bodi ya kituo chake.

Baada ya kura

Demokrasia hiyo haikuleta utulivu uliotarajiwa. Uchaguzi ulizaa makundi, makundi yakazaa kesi, na madeni yakaongezeka. Mwaka 2017 mahakama iliamuru WBAI iwalipe wenye jengo la Empire State zaidi ya dola milioni 1.8 kwa ajili ya kodi ya mnara wa matangazo, deni lililomalizwa mwaka uliofuata kwa mkopo. Mwezi Oktoba mwaka 2019 uongozi wa taifa ulikifunga ghafla kituo hicho kwa sababu ya ukata. Wafanyakazi walikwenda mahakamani, na mwezi uliofuata wakarudi hewani.

Mkono mtupu haulambwi, na hilo si tatizo la Pacifica peke yake. Mwezi Julai mwaka 2025 Bunge la Marekani lilifuta fedha zilizokuwa zimetengewa Shirika la Utangazaji wa Umma, na mwezi Agosti shirika hilo likatangaza kwamba linaanza kufunga shughuli zake. Vituo vingi vidogo vilivyotegemea mfuko huo vililazimika kuwageukia wasikilizaji, kama Hill alivyofanya mwaka 1949. Koch FM, iliyoanzishwa na vijana wa Korogocho jijini Nairobi mwaka 2006 ndani ya kontena, haikuzaliwa na Pacifica, lakini imekabiliwa na swali lilelile la nani atalipia umeme bila kudai umiliki wa maneno.

Huko Los Angeles, Pacifica imehifadhi maelfu kwa maelfu ya kanda. Mojawapo ni ya mwaka 1956. Weusi wa Montgomery, Alabama, walikuwa bado wanatembea kwa miguu wakisusia mabasi, na hakuna aliyejua kama wangeshinda. Katika kanda hiyo Rosa Parks anaulizwa, na anaeleza kwa sauti ya upole, kwa nini siku ile hakunyanyuka kitini.